Siku Mwalimu Wilbert Alipouliza Njia

Sogeeni, enyi mliokaa barazani nanyi mpitao njiani, tueni mizigo yenu mpate kusikia habari za Wilbert mwana wa Adelard, mwalimu wa Mbagala, simba wa hesabu, sultani wa chaki, ambaye mwaka 1949, mchana kweupe, alitenda jambo ambalo hakuna mwanamume wa ukoo wake aliyepata kulitenda.

Aliongoza jeshi la wanakwaya saba kwenda kutazama mambo ya kale ya Dar es Salaam, na kikomo cha safari kilikuwa Sanamu ya Askari, ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wiki tatu nzima alikuwa amewaapia kwamba mji ule anaujua kama chumba chake cha kulala. Kwa kweli alikuwa amefika huko mara mbili tu, na zote mbili shemeji yake alimshika mkono.

Boma la Wajerumani waliliteka bila taabu. Lakini walipoingia Uhindini, mitaa ilimwasi. Baiskeli zilimshambulia kwa kengele, mikokoteni ya mahamali ikavunja safu zake, na duka la vitambaa la Bi Shirinbai wakalipita mara ya kwanza kwa nyimbo, ya pili kwa minong'ono, ya tatu kwa kimya. Kila aliposhauriwa aulize, shujaa alijibu kwamba anawazungusha makusudi, waone roshani.

Mara ya nne Mama Apolonia, mkongwe wa kwaya, aliketi kibarazani akavua viatu. Kaka yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita enzi za Mjerumani, na kaburi lake halijulikani.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mie nimekuja kumwona kaka yangu. Kama njia huijui, sema."

Moyo wa Wilbert ulipigana vita ambavyo hakuna aliyeviona. Kisha akavua kofia, akamwendea Bi Shirinbai mlangoni pake.

"Shikamoo, mama. Nimepotea. Sanamu ya Askari iko wapi?"

"Marahaba. Kata kona hiyo, utaiona. Nami nilidhani mnataka kuununua mtaa."

Zilikuwa hatua arobaini. Mama Apolonia aliutazama uso wa shaba kwa muda mrefu.

"Hafanani naye," alisema. "Lakini nimefika."

Basi na ijulikane Mbagala yote hadi Chamazi: jeshi liliporudi halikusimulia boma wala roshani. Lilisimulia kwamba Mwalimu Wilbert aliuliza njia, na wote saba walikuwapo, wakaona kwa macho yao.