Chaja Sikuichomoa

Jamani, aibu niliyoipata leo pale Nansha, kwenye gati la boti, sijui niipeleke wapi. Naandika nikiwa kwenye metro narudi mjini, nimegeukia dirishani ili abiria wasinione uso. Nina hasira, na hasira yenyewe sina wa kummalizia ila mimi mwenyewe.

Mnajua nasoma uzamili wa umeme hapa Guangzhou. Utafiti wangu ni betri. (Shikeni hapo. Betri.) Ufadhili wangu unaisha mwezi wa saba, na profesa wangu, ambaye wote tunamwita Laoshi, yaani mwalimu, ana nafasi moja tu ya mwanafunzi wa udaktari. Tunaoitaka tuko wanne. Bila hiyo nafasi, narudi nyumbani.

Sasa mwezi wa kumi na moja Laoshi akanikabidhi mimi ufunguo wa boti yake ya matanga. Mimi! Alisema baridi yote hataitumia, kwa hiyo niwe naenda kila Jumamosi kuikagua, hasa betri, maana betri ya boti ikikaa miezi bila chaji inakufa kabisa. Chaja ndogo ya kuitunza ilikuwa tayari imechomekwa kwenye kisanduku cha umeme pale gatini. Agizo lilikuwa moja.

"Chaja usiichomoe."

Sikuichomoa. Haki ya Mungu sikuichomoa. Kila Jumamosi nilikwenda, hata ile wiki ya mafua. Nafika, nawasha swichi ya kile kisanduku, napangusa, nafungua vidirisha hewa ipite. Napiga picha ya chaja, taa nyekundu inawaka, namtumia Laoshi: "Inachaji vizuri." Ananijibu kwa kidole gumba. Halafu, kabla ya kuondoka, nazima swichi.

Ndiyo. Nazima. Mliolelewa kwetu mtanielewa. Nani anaacha kitu kwenye umeme halafu anatoka? Umeme ukatike, urudi kwa nguvu, ukute friji imeungua? Mama alishawahi kuturudisha kutoka kituo cha basi, tumevaa nguo za harusi, kwa sababu ya pasi. Mimi sifikirii kuzima, mkono unakwenda wenyewe. (Hapa tangu nifike umeme haujakatika hata siku moja. Hilo halikunijia kichwani.)

Leo ndiyo siku ya kuitoa boti. Laoshi kaja na mkewe, na wageni wawili wa maabara, haohao watakaopitisha jina la mwanafunzi. Akasema nami nilete rafiki. Nikamleta Papa Gédéon, Mkongo wa Lubumbashi anayenunua viatu vya jumla soko la Zhanxi, kwa sababu ana mdomo na nilijua atanipamba. Na kweli alinipamba, kwa Kichina chake cha sokoni, tangu getini. Kisha ananigeukia: "Ndugu, nimewaambia weye ni docteur ya batri!"

Laoshi akabonyeza kitufe cha injini. Tik. Akabonyeza tena. Hata hiyo tik hakuna. Taa za ndani, hakuna. Pampu ya kutoa maji, hakuna. Mkewe akashuka ndani na raba nyeupe mpya, akatua kwenye maji ya mvua ya wiki hii mpaka kwenye vifundo. Kelele aliyopiga ilisikika boti ya tano.

Mimi moyoni nilishahukumu: betri ya zamani hii. (Mtaalamu!)

Laoshi akapima, akaitazama mita. Akaufuata waya mpaka gatini, sisi wote nyuma yake kama tunakwenda kuzika. Akafungua kisanduku.

"Nani amezima swichi hii?"

Nikaona hapa ndipo pa kujitetea, wajue kwamba nilikuwa nakuja kweli. Nikapenya mpaka mbele, mkono juu kama mtoto wa darasa la pili.

"Mimi, Laoshi!"

"Lini?"

"Kila wiki, kabla ya kuondoka. Sijasahau hata mara moja!"

Mgeni mmoja akamuuliza Laoshi polepole, "Huyu ndiye wa betri?" Laoshi akaitikia kwa kichwa tu.

Papa Gédéon ndiye aliyenimaliza. "Eh, ndugu! Ni weye njo ulikuwa unazima? Kila semaine? Sasa ile chaja ilikuwa inakula nini?"

Mnunuzi wa viatu. Kaelewa kabla yangu.

Ndipo na mimi nikaelewa, nikiwa bado nimenyoosha mkono. Jasho likanitoka kwenye baridi ileile. Badala ya kuomba radhi, mdomo ukasema, "Lakini Laoshi, chaja sikuichomoa." Wageni wakaangua kicheko. Mkewe naye akacheka, na maji yakimtiririka kwenye raba.

Laoshi hakucheka. Hakufoka pia, na afadhali angefoka, ningejua ameniona mtu wa kurekebishwa. Alinyoosha kiganja mbele yao wote. "Nipe ufunguo." Nikampa. Akaushukuru uaminifu wangu wa kuja kila wiki, akamwita kwa simu mmoja wa wale watatu ninaogombea nao nafasi, aje na betri nyingine.

Inauma, sitawadanganya. Miezi minne ya Jumamosi zangu nimeua kitu nilichopewa nikilinde, tena kwa bidii.

Chekeni tu. Ila siku mkubwa akiuliza nani kafanya, usinyooshe mkono kabla hujajua kama ni sifa au ni kesi.