Vidole Viwili vya Pindo

Jumatatu, 4 Juni
Dada anarudi Alhamisi! Miaka sita! Kasema kwenye simu ndege inaondoka kule saa kumi na mbili alfajiri kwa saa zetu, laini ikakatika. Shemeji, mume wa dada yetu mkubwa, akataka kumpigia tena aulize itatua saa ngapi. Nikamzuia. Ya nini, na mimi nipo? Mama kaomba kitu kimoja tu: Dada akitoka kwenye ule mlango wa kioo wa uwanja wa ndege, uso wa kwanza kuuona uwe wake. Siku Dada anaondoka, Mama alichelewa. Aliambulia kuona mkoba ukipotelea mlangoni. Nimemwahidi. Kwa dakika!

Jumanne, 5 Juni
Kazini. Fundi kanisema mbele ya mteja. Eti nimekata suruali ya mtu bila kuacha nafasi ya pindo, sasa inamwishia kwenye muundi. Nijiandike kwenye paji la uso: vidole viwili vya pindo, kila upande, siku zote. Haya, nimesikia.
Mchana kimya. Nikajilaza chali juu ya vitambaa, chini ya ramani ya dunia tuliyozibia ufa ukutani. Uwanja wa kule hadi wa kwetu nimenyoosha uzi mmoja mweupe. Nikaiona ndege kama sindano, inazama mawinguni, inaibuka, inamvuta Dada taratibu kuja nyumbani. Nikasinzia na uzi mdomoni.

Jumatano, 6 Juni
Hesabu! Uzi una vidole kumi na vinane. Kila kidole, kilomita mia tano. Nikakumbuka pindo: viwili huku, viwili kule. Ishirini na viwili! Kilomita elfu kumi na moja. Ndege inakwenda mia tisa kwa saa. Itatua saa kumi na mbili na dakika kumi na tatu jioni. Shemeji kachungulia simu yake, kasema saa kumi. Kaniuliza kama hiyo ndege naishonea kaptula. Nimemjibu simu huisha chaji, uzi hauishi. Mama katutazama wote wawili, kasema anafuata hesabu ya mwanawe. Shemeji kanuna, kasema yeye atabaki nyumbani!

Alhamisi, 7 Juni
Tumefika uwanjani saa kumi na mbili kasoro robo. Mama, na gauni nililomshonea, kasimama mbele kabisa. Mlango wa kioo ukafunguka. Katoka mfagiaji. Kasema ndege hiyo imetua tangu saa kumi, wote wameshaondoka, wa mwisho dada mmoja aliyesimama hapo saa nzima akitazama kila uso.
Tukarudi.
Nyumbani, Dada kalala kizingitini, kichwa juu ya sanduku. Shemeji anampepea kwa gazeti. Uso wa kwanza: wa Shemeji! Mama kaketi chini, kamshika Dada kisigino. Hakumwamsha.

Alhamisi, 14 Juni
Dada kaondoka leo, saa kumi na mbili alfajiri. Mama kamsindikiza mpaka kwenye kioo, na Shemeji. Mimi niliambiwa nibaki. Sawa.
Kosa nimeligundua: pindo lilikuwa finyu! Safari ndefu vile, vidole viwili? Leo nimeacha vitano kila upande.
Mama kaninong'oneza, Shemeji asisikie: Dada atatua saa ngapi? Kaahidi kupiga simu akikanyaga chini tu. Nimemwambia ajipumzishe, kabla ya saa tatu na nusu usiku hakuna kitu. Simu ya Mama nimeizima, isimalize chaji.