Gari Lenu Lilipopinga Ndoa ya Binti Yangu

Mwl. Edinah Chepkemboi (Mstaafu),
Bondeni, chini ya kituo cha majani chai,
Njia ya Longisa, Bomet.

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Masasisho,
Kampuni ya Magari ya Tulivu,
Nairobi.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: OMBI LA KUSITISHA MASASISHO YOTE, MAKUBWA KWA MADOGO, KATIKA GARI LA MUME WANGU

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na gari lako likiwa linatembea. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha vizuri, majani yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma, na kama si ninyi ningesema hatuna shida yoyote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimewafundisha watoto wa eneo hili kuandika barua rasmi mpaka nikastaafu, lakini sijawahi kuandika yangu mwenyewe nikiwa na hasira. Hii ndiyo ya kwanza, kwa hivyo naomba uisome ukiwa umeketi.

Mume wangu, Mzee Aron, ambaye huku wanamwita Baba Chemutai kwa jina la binti yetu, alinunua gari lenu la umeme alipoacha kazi katika kiwanda cha chai. Sikumpinga. Gari halina moshi, halina kelele, na viti vyake ni laini kuliko vya sebuleni kwangu. Tatizo lilianza siku gari lile lilipofika, pale kioo chake cha kugusa kilipoandika: SASISHO JIPYA LIKO NJIANI. TAFADHALI SUBIRI. Aron ni mtu mtiifu. Akasubiri. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kusubiri kwenyewe. Sasisho huja kwa netiweki, lakini nyumba yetu iko bondeni na netiweki haishuki bondeni. Inakaa juu, kwenye kituo cha kuuzia majani chai, hapo karibu na mzani. Basi kila asubuhi Aron alipanda na gari mpaka kituoni, akaliegesha na kungojea, na chupa yake ya chai kando. Mwanzoni alingojea peke yake. Kisha jirani yetu Kiptum akaenda kumsaidia kungojea. Haikuchukua muda mwenye duka la pale kituoni akatoa benchi. Zamani wanaume wa huku walikuwa wakikutana asubuhi wanasalimiana "Chamgei." Siku hizi wanaulizana, "Imefika?"

Siku moja Lenah, tunayeimba naye kwaya, alimsikia Aron akimwambia Kiptum kwa simu, "Ilifika katikati halafu ikarudi nyuma. Tunaomba tu itoke salama." Mchana huo Lenah akabisha hodi kwangu na sukari, sabuni ya mtoto na shali jipya, akitaka kujua mgonjwa amelazwa wodi gani. Nikamwambia katika nyumba hii hakuna anayejifungua.

"Usinifiche, Mwalimu," akasema. "Baba Chemutai mwenyewe amesema ni kubwa na inakuja pole pole."

Sukari hakuirudisha nyumbani. Alisema ataiacha, maana huwezi kujua.

2. Mlio. Hatimaye sasisho la kwanza lilifika, na wanaume wa benchi wakashikana mikono kana kwamba wamepiga kura na kushinda. Nikauliza limeleta nini. Aron akaniambia limebadilisha ule mlio mdogo ambao gari hutoa likienda polepole, ili watu wasikanyagwe. Ndugu Mkurugenzi, sijui mlio huo mpya mliutoa wapi, lakini ng'ombe wa Kiptum wanaujua. Aron alipopita karibu na boma lao kwa mara ya kwanza, walisimamisha masikio, wakavunja ua, wakalifuata gari mpaka sokoni Bomet. Walitembea kwa mstari, bila fujo, kama watoto wa shule wanaokwenda kuimba mashindanoni. Aron hakuwaona, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kioo. Aliposimama, nao wakasimama. Askari wa kaunti alimwuliza kama ana kibali cha kuhamisha mifugo.

3. Yule mwanamke. Sasisho la pili lilileta sauti. Ni ya mwanamke, ina Kiswahili safi, na hilo nakiri kwa uchungu kwa sababu sikuweza kumkosoa hata mara moja. Watu wa huku wanamwita Bi Tulivu. Aron akipiga miayo, yeye husema, "Dereva, umechoka. Tafadhali pumzika." Na Aron hujibu, "Ndiyo, mama," akasimamisha gari, akalala.

Tangu tuoane nimemwambia mtu huyu apumzike. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali, nimemwambia kupitia kwa Pasta. Jibu lake limekuwa moja: "Wacha nimalize hii kwanza." Nilimwuliza kwa nini anamtii huyo na mimi hanitii.

"Mama Chemutai," akaniambia, "huyo ameangalia macho yangu akaona."

Sikupika siku hiyo.

4. Harusi. Hapa ndipo naomba uweke kikombe chini.

Binti yetu wa mwisho, Chemutai, alichumbiwa na Isaiah, kijana wa familia ya Wakisii waliokaa Londiani miaka mingi wakilima viazi. Kijana ni mzuri, sina neno. Neno lilikuwa kwa mama yake, Nyabate. Siku ya mazungumzo nilimkaribisha kwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu yanayotiwa masizi ya mti, niliyokuwa nimeyaandaa kwa mikono yangu mwenyewe. Akaonja kidogo, akaweka kikombe chini, akauliza mbele ya wageni wote ni nani ametia makaa ndani ya maziwa. Nami nikamjibu, mbele ya wageni hao hao, kwamba katika nyumba yangu hata watoto hufundishwa kushukuru kabla ya kuonja.

Tangu siku hiyo hatukusemezana. Akitaka kujua jambo, Nyabate alimwambia Isaiah, Isaiah akamwambia Chemutai, Chemutai akaniambia mimi, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Hata rangi ya vitambaa vya meza tulikubaliana kwa njia hiyo, ndiyo maana vilikuja vya rangi mbili. Wiki ya harusi Chemutai aliketi jikoni kwangu akalia. "Mama," akasema, "kama mtakaa kanisani mmegeuziana migongo, heri tuahirishe. Siwezi kuolewa katikati ya vita." Nikamwambia nitajaribu. Lakini sikujua nitajaribu vipi, na moyoni sikutaka kuanza mimi.

Siku yenyewe tuliondoka nyumbani mapema, Aron usukani, mimi na Chemutai nyuma, gauni lake limejaza gari hadi dirishani. Kwenye kona iliyo chini ya kituo tukakuta gari la wageni wa Londiani limeteleza na kuingia katikati ya michai. Abiria wengine walikuwa wametangulia kwa miguu. Nyabate alikuwa amesimama kando ya barabara na kofia yake ya harusi, viatu mkononi.

"Ingia, mama, tusichelewe," Aron akamwambia.

Akaingia. Akaketi upande wa pili wa Chemutai. Tulipofika kituoni, mahali penye netiweki, kioo kikawaka: SASISHO LIKO TAYARI. SAKINISHA SASA?

"Baba Chemutai," nikasema, "usiguse."

Akagusa. Baadaye aliniapia kwamba mkono ulikwenda wenyewe, kwa vile ulikuwa umezoea kungojea. Gari likanyamaza mbele ya mzani wa majani, na Bi Tulivu akatuambia tusilizime na tusilisogeze. Papo hapo mvua ikashuka, ile ya mawe, na barabara ikageuka uji mwekundu. Kumtoa bibi harusi mwenye gauni jeupe hakukuwezekana. Aron akatoka mbio kwenda kuomba miavuli kwa wanaume wa benchi, na mvua ya mawe ikamzuia huko. Tukabaki watatu, mama wawili tusiosemezana na binti katikati, akitazama mbele kama mtu aliyepelekwa kortini.

Ndipo sasisho lenu lilipowasha joto la viti. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba viti vile vina joto. Mimi nilihisi likianza chini, likapanda mgongoni, nikanyamaza kwa sababu ya heshima. Nyabate naye alisogea huku, akasogea kule. Mwishowe akakohoa.

"Mama Chemutai," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita. "Siulizi kwa ubaya. Kiti chako kinachoma?"

"Kinachoma," nikamjibu.

"Asante Mungu. Mimi nilidhani ni hasira."

Ndugu Mkurugenzi, nilicheka. Nilijaribu kuzuia, kicheko kikapitia puani. Nyabate akacheka mpaka kofia ikaanguka. Chemutai alitutazama, huyu na yule, halafu naye akaanza, akacheka hadi wanja ukamshuka mashavuni, na kabla hajamaliza kucheka tayari alikuwa analia.

"Kwa hivyo mnaweza kuongea," akasema. "Siku zote hizi mlikuwa mnaweza!"

Nyabate akamfuta uso kwa leso yake. Kisha akaniambia juu ya kichwa cha mtoto, "Yale maziwa hayakuwa na ubaya. Niliingia kwako nikaona vitabu, nikasikia unaongea Kiswahili kama redio, nikaogopa. Nikatafuta kitu cha kusema, nikapata hicho."

Nikamwambia ukweli wangu. "Mimi sikukasirikia maziwa. Unanichukulia wa mwisho, na Londiani kuna baridi."

"Nitamfunika," akasema Nyabate. "Blanketi yangu mwenyewe nitampa."

Tulikuwa tungali tumeshikana mikono wakati kanisa lilipotujia. Walikuwa wameimba nyimbo zote wanazozijua, Pasta amehubiri na kurudia, na Isaiah alikuwa amesema ataenda kumtafuta bibi harusi hata kwa miguu. Wakaja wote, miavuli na gambuti, wakasongamana chini ya paa la kituo. Pasta akatazama matope, akatazama gauni, akasema bwana harusi yuko, bibi harusi yuko, na hakuna sababu ya kungojea zaidi ya pale. Mlango wa gari ukafunguliwa. Chemutai akabaki kitini, Isaiah akasimama nje kwenye tope, na ibada ikaanza.

Pasta akafika pale anapouliza kama kuna mtu yeyote mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii. Kukawa kimya. Na katika kimya hicho Bi Tulivu akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani:

"Hitilafu imetokea. Tafadhali anza upya."

Kiptum alivua kofia. Lenah akaniangalia kana kwamba nilikuwa najua. Isaiah maskini akageuka kijivu. Pasta wetu ni mtu wa utaratibu; alifikiri kidogo, akafungua kitabu chake kwenye ukurasa wa kwanza, akaanza upya: "Wapendwa." Aliporudi kwenye lile swali, hakuna aliyemtazama yeye. Sote tulitazama kioo cha gari. Hata mvua nadhani ilipunguza.

"Imekubaliwa," akasema Bi Tulivu.

Vigelegele vilivyopigwa pale kituoni sijawahi kuvisikia maishani mwangu, na cha kwanza kilitoka kwa Nyabate. Aron, ambaye nilikuwa bado sijamsamehe, alisukuma watu akanifikia. "Unaona sasa?" akasema. "Ilikuwa lazima tungoje."

5. Madhara ya kudumu. Tangu siku hiyo wachumba wamekuja wawili wawili kwa Aron kuuliza sasisho lijalo ni lini, ili wapange tarehe. Pasta ameuliza kama gari linaweza kuegeshwa karibu na madhabahu. Na mimi mmenipokonya adui. Nilikuwa na maneno niliyomtungia Nyabate ya kutosha miaka yote iliyobaki, yenye sarufi nzuri, na sasa sina mtu wa kumwambia. Anakuja hapa kila mara na gunia la viazi. Ananiita dada. Siku nyingine anakunywa mursik na kuomba kuongezwa. Mwalimu mstaafu atafanya nini na siku zake?

Kwa sababu hizo basi, nadai kampuni yenu isitishe masasisho yote mara moja. Ituandikie kueleza kama imepewa na serikali ruhusa ya kukubali au kukataa ndoa. Na imwambie yule mwanamke kwamba mume wangu ana mke. Mkikaidi, nitaandika barua ya pili, na hiyo nitaiandika kwa Kiswahili kigumu.

Wasalimu wafanyakazi wote wa idara yako, hata yule aliyetunga ule mlio, kwani ng'ombe wa Kiptum wanamsalimu. Isaiah na Chemutai wanawasalimu kutoka Londiani, na blanketi ilifika. Aron anawasalimu pia, ila yeye hajui kwamba nimeandika.

Ni mimi, mwenye haki ya kukasirika,
Mwl. Edinah Chepkemboi.

Tanbihi: Nilikuwa nikitia sahihi nilipomsikia Aron akipiga kelele kutoka juu ya kilima, "Mama Chemutai! Imefika nyingine!" Nyabate, ambaye yuko hapa tangu jana, tayari ameshavaa viatu na kubeba chupa ya chai, na ananiambia niache kalamu, tutakosa viti vya nyuma. Tafadhali puuza kila kitu nilichoandika hapo juu isipokuwa salamu. Na kama bado hamjalituma sasisho hili lote, lirefusheni kidogo. Mvua inakuja, na sisi wawili hatujamaliza kuongea.