Fundo la Gitobu

4 Novemba, Jumatatu. Kangeta.
Kajuju, mke wa jirani yangu Gitobu, ameleta nchoolo: miraa teule iliyofungwa kwa majani ya ndizi. Kwetu ukiifungua, umesamehe. Gitobu anaumwa vibaya, anataka amani kabla hajaondoka. Ajabu! Mama yangu alipozikwa, yeye alikuwa sokoni anauza. Tulienda jandoni pamoja, na hakuja. Iliniuma. Bado inauma.

Mke wangu Nkirote ameniambia nifungue tu, mtu anakufa. Nimemjibu kwamba wema ni kazi ya akili, si ya machozi. Huruma leo ipo, kesho haipo. Nitapima kwanza.

5 Novemba, Jumanne.
Nimepima. Sababu za kusamehe: mbili. Za kukataa: kumi na moja (ya tisa ni jogoo wake). Nitarudisha nchoolo ikiwa imefungwa, pamoja na barua. Bila hasira hata kidogo!

Nimeandika asubuhi nzima. Kazi ya akili inataka utulivu, na mtu akitulia hutafuna. Kufika sababu ya saba, nikatazama chini. Vijiti! Majani ya ndizi yamelegea. Robo imekwisha. Mungu wangu.

6 Novemba, Jumatano.
Nimejaza pengo kwa miraa ya kawaida, nikafunga upya. Fundo safi kabisa. Nimempa Kajuju, na barua juu yake. Akili imeshinda.

7 Novemba, Alhamisi.
Haijashinda. Kajuju amekuja analia. Anasema Gitobu hawezi kuona tena, lakini alipapasa lile fundo akacheka, mara ya kwanza tangu Septemba. Si fundo la mkono wake, kwa hivyo imefunguliwa! Barua alisema isisomwe, jibu keshalipata. Eti kumbe mimi, Kinyua, bado ni mwenzake.

Nilitaka kumweleza Kajuju ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema asante. Sijui kwa nini.

16 Novemba, Jumamosi.
Tumemzika Gitobu. Nilibeba jeneza upande wa kichwa. Mchungaji ameniita mtu wa moyo, mbele ya watu wote. Matusi! Nilisamehe kwa ajali.

Nililia, ndiyo, mpaka Nkirote akanishika mkono. Nimeketi sasa kuchunguza kwa akili chanzo cha machozi yale. Ni vumbi. Nkirote anasema mvua imenyesha tangu Alhamisi. Nimemwambia aache kuniletea hisia.