Simu Niliyoipiga Pasi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepiga pasi simu yangu. Naandika tena ili niamini: simu, kwa pasi ya makaa. Koti la mteja lilikuwa mezani, simu nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wake wa ndani, nami nilikuwa nikimuwaza mchumba wangu Rayhana. Nikaona uvimbe hautaki kunyooka. Nikaukandamiza kwa nguvu zote. Ukanyooka!

Onésphore, fundi wa cherehani ya jirani, anayeniibia wateja huku akinisalimia vizuri, akasema anasikia harufu ya plastiki. Nikamwambia ni poliesta. Akasema bon, sawa, lakini poliesta huwa haiimbi. Ni kweli. Simu ilikuwa ikitoa mlio wake wa mwisho.

Simu yenyewe ni ya mkataba. Bado zaidi ya mwaka wa kuilipia. Mdhamini ni Mzee Mbonigaba, baba yake Rayhana, na Jumapili hii naenda kwake na wajomba zangu kupanga siku ya harusi. Nikikosa kulipa, duka linampigia yeye.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda dukani. Nimemwambia Belise, dada wa mikataba, kwamba nataka kuvunja mkataba kwa kuwa simu imevimba yenyewe. Akasema kama ubovu umetoka kiwandani, mkataba unavunjwa bila shida. Furaha! Kisha akaigeuza simu. Mgongoni ina alama, nyembamba mbele, pana nyuma. Akaniuliza kama kwangu kuna pasi. Nikasema sijawahi kumiliki pasi maishani. Akaitazama futi ya kupimia iliyokuwa bado inaning'inia shingoni mwangu. Akanirudishia simu.

Kwa hiyo nilipe hadi mwisho. Nilipie kitu kisichowaka wala kulia! Nikaomba niusome mkataba. Sharti la saba: mteja akihamia nje ya nchi, mkataba wake unakwisha. Nikaufunga papo hapo. Goma ya Kongo si iko pale tu, ng'ambo ya mpaka? Ukipiga chafya huku, wanakuombea afya kule.

Jumatano, 6 Novemba

Nimevuka mpaka pale Petite Barrière katikati ya wabeba mizigo, huku nikitazama nyuma kama mwizi. Sikuwa hata na nyanya moja ya magendo. Nimefika kwa Saidati, binti wa shangazi yangu. Nimemwomba duka likimpigia aseme nimepanga chumba kwake. Sababu sikumpa, kwani Saidati hana kifua.

Akashangaa. "We Mudathiru, njo unahama kweli? Na Rayhana atabakia na nani?"

Nikasema tutaona. Akasema chumba iko, tena muzuri, atakifagia leo hii. Akaanza kufagia. Nikaondoka haraka.

Alhamisi, 7 Novemba

Belise amempigia Saidati mbele yangu. Saidati amethibitisha kila kitu, mpaka na upande wa dirisha. Nimetia saini. Mkataba umekwisha! Belise akanitakia maisha mema ugenini, akauliza kama mdhamini wangu bado anatumia nambari ileile. Nikasema ndiyo.

Sasa nimekaa nawaza. Ameuliza kwa nini?

Ijumaa, 8 Novemba

Kwa sababu sharti la saba lina sentensi ya pili. Mteja akihama, malipo yote yanahamia kwa mdhamini!

Nimeijua sentensi hiyo baada ya sala, mlangoni mwa msikiti. Nilikuwa nimeinama navaa viatu. Kanzu ikasimama mbele yangu. Mzee Mbonigaba. Akasema amepigiwa na duka, akanisomea sharti zima kwa kichwa, halafu akaniuliza kwa upole kama safari ya kutoka Goma ilikuwa nzuri. Nikajibu ilikuwa nzuri. Kwa nini nilijibu hivyo?

Jioni Rayhana amekuja kwenye cherehani. Leo Saidati alivuka na mboga zake, akampa mama yake Rayhana pole sokoni kwa binti kuachwa. Rayhana hakukaa.

"Kama hunitaki, sema," akaniambia. "Usikimbie nchi."

Cherehani ya Onésphore ikanyamaza ili mwenyewe asikie vizuri.

Nikamwonyesha simu. Akaigeuza, akaiona ile alama.

"Umeipiga pasi."

Mbona kila mtu anajua? Nikamweleza yote. Siku nzima alikuwa akilia akidhani nimemchoka. Akajipangusa macho kwa kitambaa cha suruali ya mteja. Sikumkataza. Akasema kesho niende mwenyewe kwa baba yake, na nisithubutu kuanza na neno "imevimba".

Jumamosi, 9 Novemba

Kwanza kwa Belise. Nimemwambia nimerudi nyumbani. Akauliza kama Goma sikuipenda. Akaurudisha mkataba kwa jina langu.

Kisha kwa Mzee. Njiani nilikuwa nimetunga habari nzuri sana ya simu kupigwa na radi. Nilipomwona, radi ikanitoka kichwani. Nikasema ukweli wote huku natazama mkeka. Akaomba kuiona simu. Akaipapasa ile alama kwa kidole gumba. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua anacheka, nami nikacheka. Akaacha kabla yangu.

"Mimi sikudhamini simu," akasema. "Nilikudhamini wewe."

Sijawahi kusikia aibu namna ile. Hata makaa hayachomi hivyo.

Jumapili, 10 Novemba

Wajomba wamevaa suti nilizowashonea. Chai imenywewa, sambusa zimeliwa, watu wamesifiana. Mjomba mkubwa akaomba tupewe siku ya harusi. Mzee Mbonigaba akasema siku anayo. Rayhana ataolewa siku Mudathiru atakapomaliza kulipia simu yake, mwenyewe, bila kuhama.

Wajomba wakaona ni jambo la busara. Zaidi ya mwaka! Nikamtazama Rayhana anitetee. Alikuwa ameinamisha kichwa akiuma shela asicheke. Akanong'ona atanisubiri. Nimefurahi na nimeumia, vyote pamoja.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikulala. Nimejionya vikali: Mudathiru, hila basi. Tangu sasa ni kulipa, kushona na kusema kweli. Rayhana anastahili mwanamume mnyoofu.

Ili kuanza vizuri maisha ya uaminifu, nimeusoma mkataba wote, neno kwa neno, hadi mwisho wa kila sentensi. Sharti la kumi na moja: mteja akifariki, mkataba unafutwa na mdhamini hadaiwi chochote. Nimelisoma tena na tena. Hakuna sentensi ya pili!

Nikifa siku chache tu, inatosha. Kesho nitamuuliza Onésphore kama anaweza kulia mbele ya watu.