Kiti cha Mbele Kwenye Noah ya Belinda

Jumatatu, 1 Septemba

Leo nimetikisa kikao cha harusi. Belinda, binti wa dada yangu, anaolewa Jumamosi, na msafara unatoka hapa Utemini kumpeleka Kintinku kwa akina bwana harusi. Baba yake, shemeji Peniel, ametoa Noah yake iwe gari la bibi harusi. Ina kila kitu isipokuwa mdundo. Nikasimama. Nikasema boksi la sabufa, spika ya mdundo, nitatengeneza mimi, Shukuru, fundi redio, mtu niliyeishi Tunduma mpakani na kuona magari ya nchi ambazo wao wanazisikia kwenye taarifa ya habari.

Paskali naye akasimama. Fundi wa ng'ambo ya barabara, sijui nani alimwalika. Akasema yeye ana mbao safi za MDF, kazi ya siku moja.

Shemeji akakata shauri kama hakimu. Boksi langu likiwa linalia vizuri kufikia Ijumaa jioni, kiti cha mbele ni changu, niendeshe muziki. Likishindikana, kiti ni cha Paskali na mimi napanda Fuso la viti na masufuria. Singida mpaka Kintinku, juu ya masufuria, nikiwa na suti!

Baada ya kikao Belinda akanivuta pembeni.

"Mjomba, hakikisha unakaa wewe. Baba ataendesha huku analia, mashangazi watakuwa wanaimba nyimbo za kuagana. Asipokuwepo wa kunichekesha nitafika kwa watu nimevimba macho."

Nikamwambia ahesabu limekwisha. Huyu mtoto nilimfundisha mimi kuendesha baiskeli. Kusema kweli nilimsukuma tu mteremkoni, lakini alijua.

Jumanne, 2 Septemba

Utafiti wa mbao. Nimezunguka maduka yote na penseli sikioni, ndiyo inayofanya watu wakuheshimu.

Sayansi ya sabufa ni fupi. Mbao isitetemeke, upepo usivuje. Hata Paskali anajua. Chipbodi nimeidondoshea chai kwa makusudi, ikavimba kama andazi. Mwenye duka akaanza kelele za kwamba niinunue, nikakumbuka nina mgonjwa. Plaiwudi yao nyembamba, inalia kama debe. Mninga ni mbao ya wanaume, ila nilipotajiwa bei nikaulizia hali ya familia na kuondoka. MDF niliikuta imejaa. Nikaikwangua kwa kucha. Ni unga! Unga uliogandishwa na gundi! Siwezi kumsindikiza mtoto wa dada yangu na unga.

Jioni nikiwa naoga, sabuni machoni, jibu likaja. Mizinga ya nyuki. Mbao gani imekauka kuliko ya mzinga mkuukuu? Nilitoka bafuni bila kumaliza mguu wa pili.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda Mgori. Baba mkubwa Laurenti anafuga nyuki kule tangu mimi sijazaliwa. Shikamoo yangu aliipokea polepole, akanirudisha niisalimie na familia yote, ndipo akauliza shida. Nikamtengenezea redio yake, naye akanipa mizinga yake ya zamani, ile ya boksi. Nikaibomoa palepale.

Mbao za ajabu. Zimekaa juu ya miti zikapigwa jua, mvua na moshi. Hizi hazitetemeki tena, zilishatetemeka zikachoka. Kwenye kona bado zina nta, na hapo akili yangu ikapanda daraja lingine. Paskali anaziba maungio kwa silikoni ya dukani. Mimi nitaziba kwa nta! Baba mkubwa akanipa bonge.

Akaniuliza nakwenda kutega wapi. Nikamweleza kuwa sitegi nyuki, natengeneza sabufa. Akasema haya, ila hiyo sabufa niiweke mbali na maua. Nikacheka. Wazee wetu wanapenda utani.

Alhamisi, 4 Septemba

Kazi imekwisha mapema. Nimeyeyusha nta kwenye sufuria ya Rebeka, mke wangu (bado hajaigundua), nikaipaka kila ungio, ndani na nje. Upepo hata ukiwa na wakili hautoki. Mbele nimetoboa tundu la kupumulia, la ukubwa wa ngumi. Sabufa yenyewe iko uvunguni mwa kitanda, nitaifunga kesho. Tundu lake nimeliziba na kipande cha plaiwudi vumbi lisiingie.

Boksi nimeliweka nyuma ya Noah, ambayo shemeji ameniachia hapa uani, mlango wa nyuma wazi, jua liinyweshe mbao ile nta. Linanukia kama sikukuu.

Mchana walikuja nyuki wawili. Wakaingia tunduni, wakazunguka, wakatoka. Nikamwambia Rebeka hata nyuki wanatambua kazi ya fundi. Rebeka akasema wale ni wapelelezi, wametumwa, nifunge mlango. Mke wangu ana roho nzuri, ila haoni mbali.

Ijumaa, 5 Septemba



Asubuhi nilisikia jenereta. Nikajiuliza nani amewasha jenereta na umeme upo. Nikatoka nje. Haikuwa jenereta. Lilikuwa wingu, kahawia, linashuka kwenye uwanja wangu, na lilijua linakokwenda. Liliingia kwenye Noah ya shemeji kama abiria wenye tiketi. Wengine tunduni, wengine juu ya boksi, wengine wakaning'inia kwenye mkanda wa kiti.

Mbao ya mzinga. Nta mpya. Tundu moja. Jua. Baba mkubwa hutega hivyohivyo! Nimezaliwa katikati ya wafuga nyuki nikajenga mzinga ndani ya gari la harusi, na nikauchonga vizuri.

Nikakimbilia barabarani kuzuia watu na watoto wasipite. Shemeji akatokea na utepe wa kupambia. Akaona. Utepe ukamwanguka.

"Shukuru," akasema polepole, "mwanangu anaolewa kesho."

Belinda alisimama nyuma yake na sikuweza kumtazama.

Paskali akaja kucheka. Angecheka akiwa mbali ingekuwa haki yake. Lakini palikuwa na watu wa kumsikiliza, na fundi akipata watu hajizuii. Akasogea taratibu mpaka nyuma ya Noah akieleza kwamba mbao ngumu inalia vibaya, na ili waamini akaligonga boksi kwa vifundo vya vidole.

Mdomo. Sikio. Shingo. Alikimbia kwa mlio ambao MDF haiwezi kuutoa. Nikamfuata na kitenge cha Rebeka, nikamfunika, nikamkokota ndani, nikamtoa miiba mmojammoja kwa ukucha. Hata adui ana mama yake.

Baba mkubwa nilimpigia simu, akacheka mpaka nikadhani amezimia. Alifika alasiri na kopo lake la moshi. Hakuwa na haraka. Alisubiri jua lilegee na nyuki wote waingie, akaliziba tundu kwa kitambaa, akalibeba boksi kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Akaondoka nalo anapiga mluzi.

Noah nzima. Viti vizima. Hakuna mtoto aliyeguswa. Paskali anaongea, japo kwa upande mmoja. Nilikaa chini palepale uani nikapumua pumzi niliyokuwa nimeishikilia tangu asubuhi. Rebeka akaniletea maji, wala wapelelezi wake hakuwataja. Hapo nikajua nimependwa.

Ila kiti kimekwenda. Nimemwomba Rebeka anitafutie suruali ya kukalia masufuria.

Jumamosi, 6 Septemba

Alfajiri Paskali alileta boksi lake la MDF. Mdomo wake ulitangulia, yeye akafuata. Akafungua mlango wa Noah, na nyuki watatu wanne walioachwa na wenzao wakaamka wakaanza kuzunguka. Paskali akarudi kinyumenyume. Akatamka, kwa sehemu ya mdomo iliyobaki, kwamba haingii, hata shemeji akimpa Noah yenyewe. Yeye anapanda Fuso.

Shemeji akauliza nani mwingine anaweza kuunganisha muziki. Watu wakatazama viatu vyao.

Belinda alishaingia ndani na gauni lake lote. Alikuwa anamtoa nyuki dirishani kwa shada la maua, kama mtu anayefukuza kifaranga jikoni.

"Mjomba," akasema, "panda tuondoke."

Nikapanda! Shemeji alianza kulia tunaikaribia Ikungi. Mashangazi wakaanza nyimbo. Nikaongeza mdundo, nikasimulia ya Paskali na vifundo vyake, Belinda akacheka hadi Manyoni, kope zake za harusi zikabanduka na kushikilia shavuni. Kintinku alishuka anang'aa. Wakwe waliuliza mbona gari linanukia asali. Nikawaambia ndivyo tunavyosindikiza sisi.

Siri: MDF inalia vizuri. Haitatoka kinywani mwangu.

Paskali aliteremka kwenye Fuso na alama ya sufuria kwenye suruali. Kutafuna hawezi. Nikamtafutia supu ya kuku, nikakaa naye mpaka akamaliza.

Jumapili, 7 Septemba

Baba mkubwa kapiga simu. Nyuki wametulia, hawataki kuhama, anataka nimtengenezee mengine kama lile. Basi boksi halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa nta tu.

Baada ya ibada, mwenyekiti wa kwaya kaniomba maboksi ya spika. Sharti lake ni nta isiwepo. Nimekubali, mimi ni mtu wa kujifunza. Nimeshapata mbinu: mafundi hutandika sponji ndani ya boksi ili sauti iwe nzito. Sponji ya nini, na Singida imejaa mashudu ya alizeti? Nitayabandika kwa uji wa ngano, vidole vitatu unene.

Rebeka akauliza panya je. Na kuku.

Nikamwuliza, panya gani atakubali kuishi ndani ya kwaya?

Akainuka, akaenda kuzificha sufuria zake. Ameelewa.