Kiti cha Daktari wa Macho

Jumapili, 2 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, na Royce. Huyu shemeji yangu, kaka wa mke wangu Nadine, muuza matairi, mwaka jana aliteuliwa kwenye Bodi ya Afya ya kaunti yetu ya Tarkil. Tangu siku hiyo hawezi hata kuomba chumvi bila kusema “sisi wa Bodi.” Leo mara kumi na moja! Nilihesabu kwa maharage pembeni mwa sahani. Nimeapa: kabla ya Pasaka nitaketi meza ile ile na kusema “sisi wa Bodi,” tena kwa sauti kumzidi.

Jumatatu, 3 Machi

Ofisi ya kaunti. Bi Odessa, karani, kanieleza kwamba wanaoteua ni makamishna watano, na kila kiti kina mwenyewe: daktari, wa meno, wa macho, wa mifugo, mfamasia, mhandisi, nesi, kamishna mmoja, na wananchi wa kawaida watatu. Vya wananchi vimejaa. Nikamwambia nanawa mikono na sijaugua tangu 1998. “Bwana Hollis, kunawa mikono si taaluma,” akasema. Dharau hiyo! Akaongeza kuwa kiti cha nesi kiko wazi mwaka mzima, je, namjua nesi yeyote? Nikasema hapana, tuzungumzie mimi.

Ila nilisoma sheria hadi mwisho. Kaunti ikikosa daktari wa macho, kiti chake hupewa mwananchi! Muda wa aliyepo unaisha, na makamishna wanateua tarehe 17. Na daktari wa macho kaunti nzima ni mmoja tu, jirani yangu Averett. Lazima aondoke.

Jumanne, 4 Machi

Nilikwenda kwa Averett nikajifanya napimwa macho. Nikamsifia Florida: samaki, joto, wazee wasioona vizuri kila kona. Akasema jua humletea vipele. Nimerudi na miwani, na Averett bado yupo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata! Mjumbe lazima awe mkazi wa Tarkil, na barua za Averett hupitia posta ya Bascombe, kaunti jirani. (Zangu pia, lakini hilo ni jambo jingine.) Nimewaandikia makamishna kuomba mpaka wa kaunti hizi mbili upimwe upya. Nimetia saini jina langu lote. Nadine karudi kutoka zamu hospitalini, hajavua hata sare, kaisoma barua, kaniuliza kama nimekunywa dawa ya kikohozi chupa nzima. Wivu tu.

Jumatano, 12 Machi

Wapima ardhi wamefika! Vigingi vyenye utepe wa rangi ya machungwa kila mahali. Nikawapelekea kahawa na pai, nikawaonyesha nyumba ya Averett kwa kidole. Royce kapita na gari lake, kapunguza mwendo. “Shemeji, unamzika nani?” Nikacheka moyoni. Mpimaji mmoja kaomba apite jikoni kwetu. Apite! Karibu sana!

Jumatatu, 17 Machi

Nilivaa tai ya harusi. Ukumbi umejaa. Ramani ikaonyeshwa ukutani. Averett yumo Tarkil, tena hatua arobaini ndani. Kisha mpaka unakata kona kwenye kijito, unaingia nyumbani kwangu kupitia dirisha la jikoni, unapita chumbani na kutokea bafuni.

Mwenyekiti kasema mkazi ni wa pale anapolala. Kaniuliza nalala upande gani wa kitanda. Nikasema kulia. Kulia ni Bascombe! Watu wakaangua kicheko. Nikasema basi leo hii nabadilishana na mke wangu. Nadine akasimama kule nyuma. “Hollis, upande wangu nimeulalia miaka thelathini. Sihami.”

Averett kateuliwa kwa kura zote. Kanipa mkono, kasema miwani imenikaa vizuri.

Hapo Bi Odessa akamnong’oneza mwenyekiti. Mwenyekiti akamuuliza Nadine, mkazi halali wa Tarkil, kazi yake nini.

Dakika nne baadaye kiti cha nesi kikawa kimepata mwenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Chakula kwa mama mkwe. Royce kanipokea mlangoni: “Karibu mgeni! Umevuka mpaka salama?” Kisha wakaanza. Yeye “sisi wa Bodi,” Nadine “sisi wa Bodi.” Maharage yakaniishia. Niliumia, nakiri. Pai sikuigusa.

Lakini usingizi umekataa, na akili haikulala. Bascombe nako kuna Bodi! Kuna kiti cha daktari wa mifugo, naye ni mmoja tu, Bi Quillen, anayeishi huko mwisho, karibu kabisa na kaunti ya tatu. Barua ya kuomba mpaka wa huko upimwe nimeshaifunga. Safari hii nimekuwa makini: nimewaagiza waanzie kupima kwangu.